UZI: Chembe nano za dhahabu na metali nyingine kwenye tiba ya mionzi ya saratani. Utafiti umefika wapi, na kinachouzwa mtaani ni kitu gani?

#1 FizikiaTiba

Wakuu, salaam.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anasema wazungu wamegundua dhahabu inatibu kansa, anataja mionzi, anataja "nano", halafu mwishoni anauza chupa ya maji ya dhahabu. Watu kadhaa wamenitumia wakiuliza kama ni kweli. Mimi ni mwanafizikia wa tiba, kazi yangu ya kila siku ni kupanga na kupima dozi za mionzi kwa wagonjwa wa saratani, kwa hiyo nimeona niandike hapa kwa kirefu kuliko kumjibu mmoja mmoja.

Kinachonikera ni kwamba nusu ya kwanza ya ile sauti ina ukweli. Utafiti upo, tena ni wa miaka mingi, na mimi binafsi naufuatilia kwa hamu kubwa. Nusu ya pili, ile ya chupa, ni wizi unaowalenga watu waliokwisha kuchoka kuuguza.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mgonjwa anapopigwa mionzi, miale haifiki kwenye uvimbe kwa kuruka. Inapita kwenye ngozi, misuli, utumbo, kibofu, ndipo inafika, na ikishafika inaendelea kutokea upande wa pili. Tunaielekeza kutoka pembe nyingi ili ikutane kwenye uvimbe, lakini viungo vizima lazima vipate kiasi chake. Kinachotuzuia kupandisha dozi hadi tuue kila seli ya saratani mara nyingi ni kile kilicho jirani na uvimbe: uti wa mgongo, njia ya haja kubwa, tezi za mate. Hivyo ndivyo vinavyotuwekea kikomo.

Sasa mtu akajiuliza: badala ya kuongeza mionzi, vipi tukiufanya uvimbe wenyewe unyonye zaidi ile mionzi inayopita? Hapo ndipo metali nzito zinapoingia. Atomi yenye protoni nyingi, kama dhahabu yenye 79, ina elektroni nyingi zilizobanana karibu na kiini. Mwale wa eksirei wa nishati ya chini ukiigonga, atomi hiyo hunyakua nishati na kurusha elektroni nje, na pengo lililobaki likizibwa, hurushwa elektroni nyingine zenye nishati ndogo zaidi, zile zinazoitwa elektroni za Auger. Hizo haziendi mbali. Nyingi huishia ndani ya sehemu ndogo ya seli, lakini hapo zinapoishia zinaharibu sana, ikiwemo kukata nyuzi za DNA. Kwa eksirei za nishati ya chini, gramu moja ya dhahabu hunyonya nishati mara 100 hivi kuliko gramu moja ya nyama ya mwili.

Mwaka 2004 James Hainfeld na wenzake kule New York walichapisha jaribio ambalo kila mtu wa fani hii analijua. Walichukua panya wenye saratani ya matiti, wakawachoma kwenye mshipa chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 1.9 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), halafu wakawapiga eksirei. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 86 ya waliopata dhahabu pamoja na mionzi walikuwa hai. Waliopata mionzi peke yake ni asilimia 20. Waliopata dhahabu peke yake, hakuna hata mmoja aliyebaki.

Naomba kila anayesoma asimame hapo kwenye sentensi ya mwisho. Dhahabu bila mionzi haikuokoa panya hata mmoja. Muuza chupa anataja jaribio hili hili, ila sehemu hiyo anairuka.

Ulizeni maswali, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

#2 Mtazamaji_Moro

Nipo hapa nasoma. Asante mkuu kwa kuandika kwa lugha tunayoielewa.

---

#3 NgusaGeita

Mkuu FizikiaTiba, mimi ni mtu wa dhahabu, nimekulia machimboni huku Geita. Nina maswali mawili. Kwa nini iwe dhahabu, wakati risasi nayo ni nzito na bei yake ni ya chini? Na hao panya walipewa dhahabu kiasi gani? Maana kama ni kiasi cha kueleweka, basi sisi huku tuna la kusema.

---

#4 FizikiaTiba

Ngusa, maswali yako yamegusa palepale.

Risasi ina protoni 82, imeizidi hata dhahabu. Lakini risasi ni sumu kwa ubongo, figo na damu, nawe wa machimboni unalijua hilo kuliko wengi. Dhahabu haipati kutu, haichanganyikani ovyo na kemikali za mwili, na maabara zinaweza kuitengeneza kwa ukubwa unaotakiwa na kuivisha molekuli juu yake. Ndiyo maana watafiti walianza nayo. Baadaye wengine walichagua hafni, yenye protoni 72, na gadolini, yenye 64. Wapo waliojaribu platinamu, fedha na bismuti.

Kuhusu kiasi: panya wale walipewa hadi gramu 2.7 kwa kila kilo ya uzito. Chukua mtu wa kilo 60. Ni gramu 162 za dhahabu, zinazochomwa kwenye mshipa wa mtu mmoja. Bei ya gramu unaijua wewe, piga hesabu. Kisha jiulize yule muuza chupa anauza shilingi ngapi, na humo ndani ameweka nini.

Na si gharama tu. Kuna mambo mawili zaidi ambayo watu hawayasemi.

La kwanza ni aina ya mionzi. Hainfeld alitumia eksirei za kilovolti 250. Hizo zinafaa kwa panya mwenye uvimbe chini ya ngozi. Sisi hospitalini, kwa uvimbe ulio ndani ya nyonga au kifua, tunatumia LINAC, yaani mashine zinazoongeza kasi ya elektroni ili kutoa mionzi, zenye megavolti 6 na zaidi, au mashine za Kobalti-60 ambazo miale yake ina nishati ya megaelektrovolti 1.17 na 1.33. Kwa nishati kubwa namna hiyo, ule unyonyaji wa mara 100 unapotea. Dhahabu na nyama zinakaribiana. Sawa, majaribio mengi ya maabara yameonyesha kwamba hata kwa megavolti seli zenye dhahabu huumia zaidi kuliko hesabu za fizikia zinavyotabiri. Inaonekana chembe hizo zinavuruga seli kikemia pia: zinaongeza molekuli kali za oksijeni na kuisumbua seli inapojaribu kurekebisha DNA yake. Lakini hapo tumetoka kwenye hesabu safi ya fizikia na kuingia kwenye baiolojia, na baiolojia hubadilika kutoka seli hadi seli.

La pili ni kufikisha. Ukichoma chembe nano kwenye mshipa, ini na wengu huzidaka kwa sababu ndiyo kazi yao. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan la Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi kuhusu chembe nano za kila aina na likakuta kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya kilichochomwa ndiyo hufika kwenye uvimbe. Asilimia 0.7! Ni sawa na kumwagilia shamba zima ili mche mmoja upate kikombe cha maji. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya miaka mingi kupita bila dhahabu ya aina hii kuwa dawa ya kawaida hospitalini.

---

#5 Radiografa_wa_Pwani

Nimefurahi sana kuona uzi huu. Mimi nafanya kazi ya kuwapiga wagonjwa mionzi, niko kwenye mashine kila siku, na ningependa niongezee kitu ambacho hata mtu asiyesoma fizikia anaweza kukiona kwa macho.

Huku Pwani wazee wengi wana meno ya dhahabu au meno yaliyozibwa kwa metali. Akija mgonjwa wa saratani ya mdomo au koo, baada ya wiki mbili tatu za mionzi, mdomo wote unakuwa mwekundu na unauma, hilo ni la kawaida. Lakini ukimulika tochi ndani ya shavu unaona kitu kingine: kidonda cheupe chenye umbo la jino, kimekaa palepale shavu linapogusana na lile jino la metali. Sentimita moja pembeni, shavu halijachubuka hivyo. Na ulimi nao unakuwa na alama yake ubavuni, upande wa jino.

Mionzi ikigonga metali nzito, elektroni hurushwa kurudi nyuma, na tishu iliyogusana na metali inapata dozi ya ziada. Umbali wake ni milimita chache tu. Ndiyo maana tunamtengenezea mgonjwa kinga ya plastiki au nta ya kuvaa kwenye meno wakati wa kipindi cha mionzi, ili shavu lisogee mbali na jino. Ukisogeza milimita tatu nne, kile kidonda hakitokei au kinakuwa kidogo.

Kwetu sisi hiyo ni kero tunayopambana nayo. Hawa watafiti wanataka jambo hilohilo litokee kwa makusudi, ndani ya uvimbe.

Na ombi kwa wanaouguza: mgonjwa wenu akiwa na jino la metali, aseme siku ya kwanza kabisa, kabla hajatengenezewa maski ya kushikilia kichwa wakati wa mionzi.

---

#6 FizikiaTiba

Radiografa, mfano wako ni mzuri mno. Nitauazima kwa wanafunzi wangu.

---

#7 DadaWaTanga

Kaka FizikiaTiba, shikamoo kama umenizidi. Naomba nisaidiwe kwa upole maana niko kwenye hali ngumu.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Yuko kwenye mionzi, amefika katikati, na kila wiki anawekewa dripu. Mjomba wangu amesikia hiyo sauti ya maji ya dhahabu. Anasema mionzi inamchoma mama bure, tusimamishe mwezi mmoja, pesa ya nauli na malazi tununulie hizo chupa, mama apate nguvu, halafu turudi. Mama mwenyewe amechoka, anaharisha, anataka kukubali. Na mimi ndiye ninayemuuguza peke yangu huku mjini. Nimjibu nini mjomba?

---

#8 FizikiaTiba

Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza. Nitakujibu kama ambavyo ningemjibu dada yangu wa tumbo moja.

Msisimamishe. Naomba uisome hiyo mara mbili na umsomee mjomba.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi ya nje na ya ndani (ile ambayo chanzo chake huwekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe) kwa pamoja inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Hili limepimwa kwenye nchi nyingi kwa miaka mingi. Matibabu yakirefuka kupita hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwenye nyonga unapungua kwa karibu asilimia 1 kwa kila siku inayoongezeka. Sababu ni kwamba seli za saratani zilizobaki hazikai zikisubiri. Zikipewa mapumziko zinaanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Mwezi mmoja wa kusimama hauwezi kufidiwa baadaye kwa kuongeza dozi, kwa sababu kibofu na utumbo wa mama vimeshapokea sehemu yao na havisahau.

Kuharisha kunatibika. Mwambieni daktari au muuguzi wa kliniki kesho asubuhi, wala msiogope kwamba mnasumbua. Zipo dawa, yapo maelekezo ya chakula na maji. Wampime na damu pia, maana mgonjwa wa mionzi mwenye upungufu mkubwa wa damu, uvimbe wake unakosa oksijeni, na uvimbe usio na oksijeni unastahimili mionzi. Hicho ni kitu kinachoweza kurekebishwa wiki hiihii.

Halafu kuna jambo ambalo mjomba pengine hajui. Ile dripu ya kila wiki, kama ni cisplatin, kama inavyokuwa kwa wagonjwa wengi wa aina hii, ndani yake kuna platinamu. Platinamu ina protoni 78, imekaa jirani kabisa na dhahabu yenye 79. Haifanyi kazi kwa kurusha elektroni kama nilivyoeleza juu. Yenyewe inajifunga kwenye DNA ya seli, na mionzi ikija kuikata DNA hiyo, seli inashindwa kujirekebisha. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa tangazo kwa madaktari baada ya majaribio matano makubwa kuonyesha kwamba wanawake wenye saratani hii wanaopata mionzi pamoja na cisplatin wanaishi zaidi kuliko wanaopata mionzi bila dawa hiyo. Tangu hapo ndiyo imekuwa tiba ya kawaida.

Kwa hiyo mwambie mjomba: mama tayari anapewa metali inayoipa mionzi nguvu. Imepimwa kwa wanawake halisi, dozi yake inajulikana, madhara yake kwenye figo yanafuatiliwa kwa vipimo. Akisimamisha ili anywe chupa, anaacha metali iliyothibitishwa na kuikimbilia isiyojulikana ni nini.

---

#9 Mfamasia_Mkoani

Naungana na mkuu hapo juu, na naongeza upande wa dawa.

Dhahabu ya metali ukiinywa, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Haitafika kwenye shingo ya kizazi. Kwa upande mwingine, msidhani dhahabu ni kitu kisichodhuru kwa namna yoyote. Zamani chumvi za dhahabu zilichomwa kama sindano kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Zilisaidia baadhi, lakini wengine walipata vipele vikali, figo kuvuja protini na damu kuvurugika, ndiyo maana ilibidi wapimwe mkojo na damu mara kwa mara.

Na ndugu yake, "maji ya fedha", ni mabaya zaidi. Ukiyanywa kwa muda mrefu, fedha inajikusanya kwenye ngozi, na mtu anageuka rangi ya kijivu cha samawati. Rangi hiyo haiondoki. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishasema tangu 1999 kwamba bidhaa hizo za kununua bila cheti hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa.

Mtu akikuletea chupa, mwombe namba ya usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), kisha uihakiki TMDA wenyewe. Asipokuwa nayo, mazungumzo yameishia hapo.

---

#10 Kijana_wa_Kampala

Habari zenu jamani. Nimesoma yote na nashukuru, lakini nina dukuduku ambalo lazima niliseme.

Mwaka 2016 huku kwetu Uganda mashine ya mionzi ya nchi nzima, iliyokuwa moja tu, iliharibika kabisa. Mpya ilianza kazi rasmi mwanzoni mwa 2018. Katikati hapo watu walipelekwa Nairobi, wachache waliobahatika. Shangazi yangu hakubahatika. Kwa hiyo nikisikia nano, dhahabu, hafni, moyo wangu unauliza: haya ni ya nani? Mbona tunazungumzia kuipa nguvu mionzi wakati mionzi yenyewe haitoshi?

---

#11 FizikiaTiba

Pole sana kwa shangazi. Sina neno la kupunguza hilo, na sitajaribu.

Nakubaliana nawe kuhusu kipi kitangulie. Ukinipa pesa leo nichague kati ya maabara ya nano na LINAC ya pili yenye fundi wake, vipuri vyake na umeme usiokatika, nachagua LINAC bila kufikiri. Chembe ya metali inazidisha kile ambacho mionzi inafanya. Pasipo na mionzi hakuna cha kuzidisha.

Ila sikubaliani kwamba hili si letu, na nitakwambia kwa nini.

Mmoja wa watu waliofanya kazi nyingi kwenye eneo hili ni Wilfred Ngwa, mwanafizikia wa tiba mzaliwa wa Kameruni aliyefanya kazi Harvard na Johns Hopkins, ambaye pia aliongoza tume ya jarida la Lancet Oncology kuhusu saratani Afrika kusini mwa Sahara, iliyotoa ripoti yake 2022. Yeye na wenzake waliitazama tiba ya mionzi ya ndani, ile ambayo chanzo cha mionzi kinawekwa ndani kabisa au kando ya uvimbe. Kwa nini huko? Kwa sababu vyanzo vingine vya tiba ya ndani vina nishati ya chini. Iodini-125 hutoa miale ya kiloelektrovolti 28 hivi, na kwenye nishati hiyo dhahabu inanyonya kwelikweli. Waliweka seli za HeLa zenye chembe za dhahabu karibu na vyanzo vya Iodini-125, na DNA ya seli hizo ikaharibika zaidi kuliko ya zile zisizo na dhahabu.

HeLa ni seli zilizotoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyefariki 1951. Na saratani hiyohiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na Uganda. Sisi ndio tunaofanya mionzi ya ndani ya shingo ya kizazi kila wiki, kwa wagonjwa wengi. Uvimbe uko mahali ambapo kifaa kinafika, kwa hiyo hata lile tatizo la kufikisha lingeweza kupunguzwa: unaweka chembe palepale, huhangaiki na mshipa wala ini. Ugumu uliopo ni kwamba hospitali zetu hutumia Iridiamu-192 au Kobalti-60 kwa mionzi ya ndani, na nishati zake ziko juu ya Iodini-125. Iridiamu kwa wastani ni kiloelektrovolti 380 hivi. Faida ya dhahabu hapo ni ndogo zaidi. Ni ndogo kiasi gani ndani ya mwili halisi, hilo ni swali ambalo watu wa huku wana kila sababu ya kulifanyia kazi.

---

#12 Mswahili_Lyon

Salaam kutoka Ufaransa. Nasoma huku, si mtaalamu wa mionzi, niko upande wa kemia, lakini nipo karibu na mambo haya kwa hiyo niseme kidogo kuhusu yaliyokwisha kufika kwa binadamu.

Kampuni ya Nanobiotix ya Paris ilitengeneza chembe za oksidi ya hafni. Hawachomi kwenye mshipa. Wanachoma sindano moja ndani ya uvimbe wenyewe kabla ya mionzi, halafu mgonjwa anapigwa mionzi ya kawaida ya LINAC: grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25. Jaribio lao kubwa la kwanza lilihusu saratani za misuli na tishu laini za mikono, miguu na kiwiliwili, wagonjwa 180 kwenye nchi 11, likiongozwa na Sylvie Bonvalot wa Institut Curie. Matokeo yalitoka 2019. Baada ya upasuaji walipima ni wagonjwa wangapi uvimbe wao umebaki na seli hai chini ya asilimia 5. Kwa mionzi peke yake: asilimia 8. Kwa mionzi na hafni: asilimia 16. Mwaka huohuo bidhaa hiyo ikapata kibali cha Ulaya kwa jina la Hensify.

Ya pili ni AGuIX, ilizaliwa hapahapa Lyon kwenye kundi la Olivier Tillement. Ni chembe ndogo sana, chini ya nanomita 5, zenye gadolini. Kwa udogo huo figo zinazitoa kwenye mkojo, hazirundikani kwenye ini. Na kwa kuwa gadolini inaonekana kwenye MRI, daktari anaweza kutazama picha na kujua kama dawa imefika kabla hajawasha mashine. Jaribio la kwanza lilifanyika Grenoble kwa wagonjwa 15 wenye saratani iliyosambaa kwenye ubongo.

Dada wa Tanga, hili linakuhusu wewe: AGuIX ilipelekwa pia kwenye jaribio la awamu ya kwanza kwa saratani ya shingo ya kizazi, kwenye hospitali ya Gustave Roussy karibu na Paris. Walipewa mionzi, cisplatin, mionzi ya ndani, na gadolini juu yake. Maana yake hata huku, kwenye utafiti wa mbele kabisa, hakuna aliyeondolewa ile tiba anayopata mama. Msingi ni uleule.

---

#13 FizikiaTiba

Asante sana ndugu wa Lyon, umemaliza kiu yangu.

Niongeze tahadhari moja kwenye ile ya hafni ili watu wasiitafsiri vibaya. Kutoka 8 kwenda 16 ni mara mbili, na mimi nafurahi. Lakini ina maana kwamba wagonjwa 84 kati ya 100 hawakufikia kile kiwango hata baada ya kupewa hafni. Tena kilichopimwa ni hali ya uvimbe uliokatwa. Hicho si sawa na kupima nani ameishi miaka mingi zaidi. Baadhi walipata maumivu pale sindano ilipochomwa, na wengine presha ilishuka. Jaribio jingine kubwa la hafni, kwa wazee wenye saratani ya kichwa na shingo wasioweza kupewa cisplatin, lilianza 2022. Hilo ndilo nalisubiri, kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo tunao wengi: mzee figo zimechoka, dripu hawezi, na mionzi peke yake haitoshi. Ukimpa sindano moja ndani ya uvimbe, kisha mionzi ileile aliyopangiwa, hiyo ni tiba ambayo hospitali yoyote yenye LINAC inaweza kuifanya.

---

#14 DadaWaTanga

Nimemsomea mjomba kwa simu kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye panya wa dhahabu peke yake akanyamaza, akaniambia nirudie. Amekubali tuendelee, na nauli ya wiki hii ameituma. Kliniki wamempa mama dawa ya kuharisha na wamechukua damu. Mungu awabariki nyote. Nitauliza pia kuhusu mionzi ya ndani inaanza lini ili tusivuke hizo wiki 8.

---

#15 FizikiaTiba

Umefanya vema sana dada. Swali hilo la tarehe ya mionzi ya ndani uliulize mapema, kabla ya ya nje kuisha, kwa sababu foleni huwa ipo. Waombe waiandike tarehe kwenye kadi ya mama.

---

#16 Mwanafunzi_Fizikia

Mkuu, mimi niko mwaka wa tatu, shahada ya fizikia. Sina maabara ya nano na sidhani kama chuo chetu kitaipata karibuni. Lile swali ulilosema kuhusu Iridiamu na dhahabu, je, mtu kama mimi anaweza kuligusa?

---

#17 FizikiaTiba

Unaweza, tena kwa kompyuta mpakato uliyonayo.

Pakua Geant4. Ni programu ya bure ya kuigiza mwendo wa mionzi ndani ya vitu, ilianzia CERN (maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya), na ina sehemu maalumu ya kuigiza uharibifu kwenye DNA. Usianze na mwili wa binadamu. Anza na tufe la maji, weka chanzo cha Iridiamu-192 katikati, pima dozi kwa kila milimita, linganisha na majedwali yaliyokwisha kuchapishwa hadi namba zako zikubaliane nayo. Hatua hiyo itakuchosha, na wengi wanaikimbia, lakini usipoivuka hakuna atakayeamini kitakachofuata.

Kisha changanya dhahabu kwenye maji, miligramu chache kwa kila gramu. Rudia kwa Kobalti-60, rudia kwa Iodini-125. Utaiona tofauti kwa macho yako. Angalia hasa umbali wa sentimita mbili tatu kutoka kwenye chanzo: miale ya Iridiamu ikishagongana na maji mara kadhaa inapoteza nishati, na ile iliyopungukiwa inaanza kuiona dhahabu vizuri zaidi. Nataka kujua ongezeko hilo ni kubwa kiasi gani pale uvimbe mkubwa wa shingo ya kizazi unapoishia, kwa sababu wagonjwa wetu wengi wanakuja na uvimbe mkubwa.

Ukipata grafu ya kwanza ya tufe la maji, iweke humuhumu kwenye uzi tuikague pamoja.